Sanda ya Bendera

Kwa miaka kumi na tisa Asumani alipandisha bendera saa kumi na mbili asubuhi na kuishusha saa kumi na mbili jioni, mvua inyeshe jua liwake, na hata siku moja haikugusa chini. Wanaume wengine wa mtaa wake walijisifia baiskeli. Yeye alijisifia kwamba bendera ya serikali haijawahi kupata vumbi mikononi mwake. Mkewe, Mwanahamisi, alikuwa akimtania kwamba laiti angembeba binti yao Asha kwa uangalifu ule alipokuwa mchanga, leo Asha asingekuwa na kovu kidevuni.

Alikuwa planton, yaani tarishi na bawabu na mfuta meza, yote kwa mtu mmoja, kwenye ofisi ya utawala katika mji ambao Wazungu waliuita Stanleyville na wenyeji wakaendelea kuuita Kisangani. Mbele ya ofisi palikuwa na milingoti miwili. Mmoja ulibeba bendera ya Ubelgiji, nyeusi, njano na nyekundu. Wa pili ulibeba ya Kongo, ya buluu yenye nyota moja ya manjano katikati. Asumani alizihudumia zote mbili kwa haki kama mume wa wake wawili, lakini kila mtu alijua ni ipi aliyoipenda. Alipenda ile ya nyota.

Jambo hilo liliwakera wazee wa Kiislamu wa mtaani, wajukuu wa watu waliokuja na misafara ya biashara enzi za pembe za ndovu. Babu zao waliiona nyota ile mara ya kwanza mbele ya askari waliokuwa wakiwapiga risasi. Hata Mwanahamisi mwenyewe alikuwa na lake la kusema.

"Ile nyota ilikimbiza babu yangu mupaka akaacha viatu kwa njia," alimwambia mumewe. "Na weye unaikunja sawa kanzu ya Idi."

"Ile ilikuwa zamani, Mama Asha. Sasa bendera ya Kongo njo ile. Tuko na ingine?" Asumani alijibu kila mara kwa utulivu uleule. "Hatuna ingine."

Kweli hawakuwa na nyingine. Basi Mwanahamisi akawa anamfulia kanzu zake, anampikia wali wake, na anamwacha na bendera yake.

Mwezi wa tano mwaka wa 1955 mji mzima ulipagawa. Mfalme kijana wa Wabelgiji alikuwa anakuja. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, mbuzi wakapigwa marufuku kuzurura, na shule zote zikafundishwa wimbo wa taifa wa Ubelgiji asubuhi na mchana, hadi kasuku wa misheni wakaanza kuushika. Watoto waliimba kwa Kifaransa habari za nchi ambayo hawajawahi kuiona hata kwenye picha. Waliimba vizuri, hilo lazima lisemwe, tena kwa sauti tamu iliyomfanya Mwanahamisi asimame na kusikiliza akiwa na ungo mkononi, halafu akajichukia kidogo kwa kusimama.

Katika kupagawa huko, masanduku ya bendera mpya yakafika ofisini. Octave, karani mkuu wa weusi, kijana mwenye tai na saa ya mkononi, alikuwa amezama kwenye orodha zake tangu alfajiri: orodha ya watakaopanga mstari, orodha ya watakaokaa, orodha ya watakaoruhusiwa kupiga makofi karibu. Asumani akamletea ile bendera ya zamani ya nyota, imechanika pembeni, nyota yenyewe imepauka hadi inafanana na doa la chai.

"Monsieur Octave, hii tuipeleke wapi?"

"Bon, hii imekwisha kabisa." Octave hakuinua kichwa. "Ondoa, Papa Asumani. Ondoa tu, nisiione tena hapa."

Zamani, bendera ikichakaa, mzungu mmoja mzee aliichukua mwenyewe na kuifungia stoo. Mzungu huyo alikuwa amerudi kwao. Asumani akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya shati, akaenda nayo nyumbani.

Na hapo ndipo Mwanahamisi alipotia mkono wake, na ningependa kusema hakuutia, lakini aliutia.

"Ungeichoma tu," alisema mwanzo.

"Tunachoma takataka," Asumani akasema. "Miye niwashe moto juu ya hii? Watu wakiniona?"

"Basi ikate, ufanye vitambaa vya kufutia meza."

Asumani alimtazama kwa macho ya mtu aliyeambiwa amkate mama yake. Mwanahamisi akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, naye akaacha. Wakafikiria mto. Lakini mto wa Kisangani si mto wa kutupia kitu ukakisahau. Wavuvi Wagenia wameuziba kwa miti na mitego yao ya samaki pale kwenye maporomoko, na kesho yake mvuvi mmoja angevua bendera ya Kongo pamoja na kambale, na huo ndio ungekuwa wimbo wa mji.

Ndipo Mwanahamisi akamkumbuka baba yake. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na karatasi za msahafu zilipochakaa hazikuchomwa mbele za watu wala kutupwa. Alizikusanya, akazifunga kwa kitambaa safi cheupe, akachimba mahali ambapo miguu ya watu haipiti, akazilaza ardhini na kuzifukia. Watoto wa chuo walisimama kimya mpaka udongo ukasawazishwa. Mwanahamisi alikuwa mmoja wao, na hajawahi kuona heshima iliyozidi ile.

"Ifanye sawa papa yangu alivyofanya," alimwambia mumewe. "Hautaiunguza, hautaitupa, hakuna mutu ataikanyaga. Itapumzika."

Uso wa Asumani ulifunguka. Mtu angedhani ameambiwa ada ya Hija imelipwa.

Kitambaa safi kikawa tatizo. Nyumba nzima haikuwa na kipande cheupe kisicho na doa, isipokuwa kile cha chini kabisa sandukuni: bafta aliyoinunua Mwanahamisi miaka miwili kabla, ambayo alikuwa ameiweka iwe sanda yake siku ikifika, kama mama yake alivyofanya na bibi yake pia. Alikaa mbele ya sanduku akiipapasa. Kisha akachukua mkasi akakata ncha yake, dhiraa moja na nusu. Alijiambia kwamba yeye si mrefu kiasi hicho.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri walichimba nyuma ya nyumba, upande ambao maji ya kuoshea vyombo hayafiki. Asumani alishuka shimoni hadi magotini, akapokea kile kifurushi cheupe kwa mikono miwili, akasema Bismillahi, akakilaza. Alilia kidogo. Mwanahamisi alimwonea huruma na kumwonea haya pamoja, akajitia kushughulika na jembe.

Hakujua kwamba jirani yao Philomène alikuwa nyuma ya ua wa matete, amekuja kurudisha chekeche ya unga.

Philomène hakuwa mmbea. Alikuwa mama Mkristo mwenye moyo laini ambaye alikuwa amezika watoto watatu wachanga, mmoja baada ya mwingine, na alichokiona kupitia matete kilikuwa kifurushi cheupe cha urefu wa mkono, shimo fupi, na mwanamume analia. Alirudi kwake na chekeche kifuani. Alishindwa kula. Wana binti aliyeolewa mbali, aliwaza, huenda wameletewa mtoto wake aliyekufa, na hawana karatasi ya ruhusa, na mfalme anakuja na daktari wa serikali anapita nyumba kwa nyumba akitafuta maradhi. Akamwambia mumewe Désiré, ambaye alikuwa polisi. Alimwambia ili awasaidie kupata karatasi.

Désiré alikuwa mtu wa taratibu. Akamwambia mkubwa wake. Jumatatu asubuhi wakaja polisi wawili na bwana afya mwenye koleo.

"Papa Asumani, pole sana," Désiré alianza kwa upole. "Tunajua ni uchungu. Lakini hapana ruhusa kuzika mutoto kwa nyumba."

"Mutoto gani?" Asumani akauliza.

Walichimba. Kifurushi kilitoka chepesi mno, na Mwanahamisi aliona jinsi Désiré alivyokishika kwanza kwa adabu, mkono mmoja chini ya pale alipodhani pana kichwa. Philomène alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Bafta ikafunguliwa. Ilipotokea buluu, yule polisi wa pili alipasuka kicheko cha mtu aliyeponea, na Philomène akasema asante Bikira Maria. Kisha ikatokea nyota.

Désiré hakucheka. Aliitazama bendera juu ya sanda.

"Nani amezika hii?"

"Ni miye," Asumani akasema, bado hajaona ubaya. "Ilikuwa imezeeka. Niliambiwa niondoe. Sikutaka kuitupa."

"Ukaizika."

"Kwa heshima, ndiyo."

Mimi nikifikiria nafasi ambazo mtu huyu alipewa za kuokoka, naona zote zilikuwa pale, katika ile dakika moja nyuma ya nyumba. Angesema imeibwa. Angesema ni watoto wamecheza. Désiré mwenyewe alisubiri, karibu amwombe aseme uongo. Lakini Asumani alikuwa anaeleza kwa furaha ya mtu anayeonyesha kazi nzuri, na kila neno lilikuwa la kweli. Wakamchukua.

Kabla ya adhuhuri soko lote lilijua kwamba Asumani amemzika Bula-Matari, yaani serikali yenyewe. Kufika alasiri alikuwa amemsomea mfalme dua ya kifo. Jioni wauza samaki walikuwa wakieleza kwamba shimo lilikuwa na urefu wa mtu mzima na limeelekezwa Brussels. Watu wengine walimtazama Mwanahamisi kwa hofu, na wengine, jambo lililomtisha zaidi, walimtazama kwa heshima. Mzee mmoja aliyemchukia Asumani miaka kumi na tisa kwa sababu ya ile nyota alimshika mkono na kumnong'oneza, "Mume wako ni mwanamume." Mwanahamisi alitamani kumpiga kofi.

Wakati ule mkoa mzima uliogopa dini za msituni, watu waliotabiri kwamba siku za Wazungu zinakwisha. Aliyeshukiwa hakuhitaji kufikishwa mahakamani. Alipakiwa kwenye stima na kushushwa kwenye kambi ya mbali, chini ya mto, kwa miaka isiyotajwa. Kulikuwa na neno la Kifaransa la kitu hicho, relegasyo, na kila mtu alilijua hata kama hakujua Kifaransa. Asumani alikuwa na umri wa miaka hamsini na tatu, na kifua chake kilikuwa kinakoroma kila msimu wa mvua. Mwanahamisi alijua kwamba akipandishwa stima ile hatarudi.

Basi Jumanne jioni akaenda kwa Octave.

Alimkuta nyumbani kwake kwenye mtaa wa makarani, mezani na mkewe Clothilde, wanakula pondu, yaani kisamvu, na wali kwa uma. Uma uliwashinda. Wali ulikuwa unawadondokea magotini. Octave alikuwa ameomba kadi ile wanayopewa weusi waliostaarabika, na tume ya Wazungu ingekuja wiki hiyo kuangalia kama nyumba ina vitabu, kama choo kina mlango, kama mke anakaa meza moja na mumewe. Clothilde alisimama mara moja akampa mgeni kiti chake, kisha akamtazama mumewe kana kwamba anauliza kama amekosea.

"Mama Asha, najua umekuja juu ya nini," Octave alisema. "Silali. Donc, unataka niseme nini?"

"Useme ukweli. Weye njo ulimwambia aondoe."

"Nitasema. Nakuapia, nitasema." Aliweka uma chini. "Lakini sikusema azike. Wakiniuliza hivyo, nijibu nini?"

"Kwani kuondoa ni nini? Ulitaka ale?"

Clothilde alicheka kwa hofu. Octave hakucheka, alikuwa na macho mekundu, na Mwanahamisi, aliyekuja na hasira ya kutosha nyumba nzima, aliona kwamba mbele yake amekaa kijana anayeogopa uma. Hasira ikamtoka. Alijisikia mtupu bila hiyo.

Asubuhi ya siku ya pili aliingia ofisini. Mzungu aliyemkuta watu walimwita Bwana Kalamu, kwa sababu hata ukimwamkia anaandika. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingerahisisha mambo, lakini alimpa Mwanahamisi kiti, akamwambia Octave amletee maji, na akasema naye kwa Kiswahili chake cha ofisini.

"Sema, mama. Miye nasikia."

Mwanahamisi alikuwa amepanga maneno usiku kucha. Aliyasema yote. Kwamba wazo lilikuwa lake, siyo la mumewe. Kwamba baba yake alikuwa mwalimu. Kwamba kitu kitukufu kikizeeka kwao kinalazwa ardhini, na kwamba mumewe alikipenda kile kitambaa kuliko watu wengi wanavyompenda ndugu yao. Bwana Kalamu aliandika. Alipofika kwenye Kurani kalamu ikaongeza mwendo.

"Basi hii ni dini," akasema.

"Hapana dini, Bwana. Ni heshima."

"Lakini munafanya hivi na kitabu ya dini."

"Ndiyo."

"Na na mutu aliyekufa. Munamuweka ndani ya kitambaa cheupe, munamuzika."

"Ndiyo, Bwana."

"Hii kitambaa," na akaigusa ile bafta, iliyokuwa imekunjwa mezani ikiwa na udongo bado, "ni ya nini?"

Mwanahamisi aliona lile swali linakuja kama mtu aonavyo pikipiki inakuja na miguu imekataa. Angeweza kusema ni kitambaa cha mezani. Lakini alikuwa amekaa siku tatu akijiambia kwamba kinachohitajika ni ukweli, ukweli mwingi, ukweli mpaka chini, na mdomo wake ulikuwa umeshika njia hiyo.

"Ni sanda yangu," alisema. "Nilikata kwa sanda yangu."

Kalamu ilisimama. Bwana Kalamu alimtazama, kisha akaandika mstari mmoja, polepole.

"Uliza Monsieur Octave," Mwanahamisi akasema haraka. "Iko hapa. Yeye njo alimutuma mume wangu."

Octave alikuwa ameshika bilauri ya maji kwa mikono miwili. Na kijana yule, nampa haki yake, hakumkana mtu. Alisema mbele ya mzungu wake, wiki ya kadi yake, kwamba ni kweli, ni yeye aliyeamuru bendera iondolewe, na hakusema iondolewe vipi, na Papa Asumani hajawahi kuwa na kosa hata moja. Alisema kwa Kifaransa na akarudia kwa Kiswahili ili Mwanahamisi asikie. Maji yalimwagika kwenye kiatu chake.

"Najua," Bwana Kalamu alisema. Alivua miwani akajisugua macho. "Miye najua Asumani. Miaka tatu naona yeye kila asubuhi. Lakini karatasi iko tayari kwa gavana tangu jana: mutu amezika bendera ya Kongo siku kumi na mbili mbele ya mufalme kufika, ndani ya sanda, na maneno ya Kiarabu. Hii yote ni kweli, mama?"

"Ni kweli."

"Miye nikiandika chini, 'lakini ni mutu muzuri,' nani atasoma?"

Nje mtu mwingine alikuwa anashindana na kamba za bendera mpya, ambazo zilikuwa zimekwama nusu ya mlingoti, na hakuna aliyejua ujanja wa kuzikwamua isipokuwa mtu aliyekuwa kizuizini. Mwanahamisi alitoka akiwa ameitia muhuri hukumu ya mumewe kwa ulimi wake mwenyewe. Alijua hivyo kabla hajafika barabarani. Alikaa kwenye jiwe lililopakwa chokaa, na polisi akamwondoa kwa sababu mawe yalikuwa ya mfalme.

Habari ilikuja Alhamisi, kupitia kwa Octave, ambaye alisimama mlangoni bila kuingia. Stima ya kesho asubuhi. Ingepita Isangi na kuendelea chini, hakujua mpaka wapi. Kadi? Mwanahamisi aliuliza kuhusu kadi, sijui kwa nini. Labda alitaka mtu mmoja kati yao apate kitu. Octave akatikisa kichwa. Faili lake lilikuwa limewekwa kando.

"Wameruhusu umupe chakula na blanketi," alisema. "Mbele ya masuwa, ile stima, kuondoka. Ufike mapema, Mama Asha. Uongee naye."

Alifika mapema. Alipika wali wa mawese, kuku, na dawa ya kifua aliyochemsha na tangawizi, akafunga kila kitu kwenye kapu, na blanketi kichwani. Alikuwa na jambo moja la kumwambia. Alitaka kumwambia kwamba ni yeye, kwamba kosa lilikuwa lake tangu mwanzo, tangu baba yake, na amsamehe kabla hajaenda. Hakuwa amepata kumwambia. Tangu Jumatatu hawakuwa wameonana hata kwa dirisha.

Lakini gatini hapakuwa bandari tena siku ile, palikuwa uwanja wa sherehe. Walikuwa wamejenga tao la makuti na maua, na bendi ya askari ilikuwa imepangwa safu nne ikifanya mazoezi, shaba zote zinang'aa, na mkuu wa bendi mzungu mnene anafuta jasho. Amri mpya ilikuwa imetoka wiki hiyo na ilikuwa imepigiwa mbiu mtaa kwa mtaa: wimbo wa taifa ukipigwa, mahali popote, hata mazoezini, kila mtu asimame pale alipo, kofia mkononi, asitikisike mpaka uishe. Atakayetembea ataandikwa jina.

Asumani alikuwa sitaha ya chini na watu wengine sita, kanzu yake ileile ya Jumatatu, amekonda shingo. Alikuwa anaangaza macho kwenye umati, upande ambao Mwanahamisi hakuwapo. Mwanahamisi aliinua mkono.

"Papa Asha!"

Bendi ikaanza.

Alipiga hatua mbili na mkono ukamshika juu ya kiwiko. Alikuwa Désiré, sare imepigwa pasi, uso wa majivu.

"Simama, Mama Asha. Ni wimbo."

"Niache nimupe chakula."

"Simama, nakuomba. Watakuandika, na watamuongeza yeye miaka. Simama tu kidogo."

Gati zima liliganda. Wapagazi waliganda na magunia mabegani, wauza kwanga za muhogo waliganda na mikono hewani. Mwanahamisi aliganda na kapu. Na kule sitahani Asumani aliusikia wimbo, akageukia pale palipokuwa na bendera mbili kwenye tezi, nyuma ya stima, akaunganisha visigino, akanyoosha mikono mapajani, akainua kidevu. Wale sita walisimama kwa uvivu. Yeye alisimama wima, macho kwenye nyota, mgongo kwa mkewe.

Tarumbeta moja ikakosea. Mkuu wa bendi alipiga kijiti chake, wimbo ukakatika, na Mwanahamisi akachomoka. Alipata hatua tano. Wimbo ukaanza upya, Désiré akamfikia tena. Ukakatika tena mahali palepale; alipata nne. "Ngojeni!" alimpigia kelele baharia aliyekuwa anafungua kamba, lakini mabaharia walikuwa na ruhusa ya kufanya kazi wakati wa wimbo na hawakuwa na ruhusa ya kungoja. Ubao wa kupandia ukavutwa.

Mara ya tatu tarumbeta haikukosea.

Waliupiga wote, beti baada ya beti, vizuri mno. Mwanahamisi alisimama hatua ishirini kutoka majini, Désiré amemshika, na hakujaribu tena kukimbia, kwa sababu alikuwa ameshasema neno moja zaidi ya lililotakiwa wiki ile na hakutaka kumwongezea mumewe hata siku moja. Stima ilijitenga na gati. Maji yalipanuka kati yao, hatua mbili, hatua kumi, upana wa nyumba. Alimwomba moyoni ageuke. Alimwomba kwa jina la Asha, kwa jina la Mungu, kwa yale maneno ya kitandani ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Ageuke mara moja tu, aone kwamba amekuja, aone kapu. Lakini wimbo ulikuwa unaendelea, na Asumani alikuwa mtu wa ofisi, na akiwa mbele ya bendera hakuwahi kugeuza shingo miaka kumi na tisa.

Ulipokwisha, watu gatini walivaa kofia zao. Wapagazi wakaendelea na magunia, na mkuu wa bendi akasema sasa ndiyo, hivyohivyo, siku yenyewe iwe hivyohivyo. Stima ilikuwa imeshika katikati ya mto na nyuso za sitahani hazikutambulikana tena. Désiré akamwachia mkono, akachukua lile kapu, akatazama huku na huku kama kuna mtu wa kumkabidhi, kisha akamrudishia.